Pua ya Kukodi

Nilimchukia mkuu wa maabara kabla sijamjua vizuri, na nilipomjua nikaona sikukosea. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye miwani ya fremu nyekundu na soksi za rangi hiyohiyo, anayezungumza nawe akitabasamu hata anapokunyima kitu. Sisi tuliofanya kazi chini yake pale Sundbyberg, Sweden, tulijua kwamba tabasamu likipanuka, jibu ni hapana.

Kazi yetu ilikuwa kunusa magari. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaeleza watu kanisani, na ndivyo walivyonicheka. Magari yenyewe hatukuyaona. Tuliletewa vipande: kipande cha zulia, cha ngozi ya kiti, cha plastiki ya mlango, sponji, gundi iliyopakwa kwenye kibati. Kila kipande kilifungiwa ndani ya mtungi wa kioo, na mtungi ukawekwa kwenye oveni mpaka upate joto la gari lililoachwa juani madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha ulitolewa ukapoa kidogo, na sisi watu sita tukapita mmoja mmoja. Unafunua mfuniko kidogo, unavuta pumzi mara moja, unafunika, unaandika namba bila kumtazama mwenzako. Moja ni kwamba husikii kitu. Sita ni kwamba unataka kukimbia. Kipande kilichozidi tatu kilikuwa kimeanguka.

Vipande vilitoka Uchina. Kampuni moja ya magari ya Ulaya ilikuwa imeingia ubia na kampuni ya kule, maana mgeni hakuruhusiwa kuja kujenga magari yake peke yake. Ilibidi apate mwenyeji wa kushirikiana naye. Gari lilelile lililouzwa huku kwetu likafumuliwa na kushonwa upya kwa ajili ya wanunuzi wa kule. Nyuma lilirefushwa ili anayekaa hapo anyooshe miguu. Kiti cha mbele cha abiria kiliwekewa vitufe ubavuni, ili bwana mkubwa aliyeko nyuma akisukume mbele bila kuomba ruhusa. Ndani pakawekwa rangi ya maziwa. Na harufu ikaondolewa, au tuseme ilitakiwa kuondolewa.

Hiyo harufu ndiyo iliyowashinda Wasweden kuielewa. Huku mtu akinunua gari jipya huingia, akafunga mlango, akafumba macho na kuvuta pumzi. Harufu ya ngozi mpya ni sehemu ya raha anayoilipia. Kule, tulivyoambiwa, mnunuzi hufungua mlango, hunusa, na akisikia chochote hufunga mlango na kwenda kwa muuzaji mwingine. Ana mtoto mmoja na hataki kumfungia ndani ya sumu.

"Wanataka gari lisilonuka gari," mkuu alisema wakati wa kahawa, na wote wakacheka.

Mhandisi mmoja akauliza ni mtu gani anayenunua gari halafu akakae nyuma. Katika nchi hii hata mkubwa wa serikali akipanda teksi hukaa mbele na dereva, halafu siku nzima hujiona mtu mwema. Nikawaambia, "Mwenye gari hukaa nyuma. Mbele hukaa mlinzi." Wakacheka tena, wakidhani natania. Sikuwa natania hata kidogo. Nimetoka Uvira, mpakani na Burundi, na kule nimeona wakubwa wengi wakipita, na sijamwona hata mmoja kiti cha mbele. Kilichonikera ni kwamba walimwona mnunuzi kuwa mjinga, na bado walitaka anunue.

Mimi nilianza pale kama msafishaji. Niliingia saa kumi na mbili asubuhi, nikafagia, nikapiga deki, nikaondoka kabla wenye makoti meupe hawajamaliza kuvua viatu vya theluji. Siku moja nilimkuta mtaalamu wa oveni, mama mmoja mtu mzima, nikamwambia kuna waya unaungua nyuma ya kabati la tatu. Akanusa, akasema hasikii kitu. Nikamwambia mara ya pili. Walipovuta kabati wakakuta plagi imeyeyuka upande mmoja. Wiki ile wakanipa mitungi ishirini ninuse, ya siri, baadhi ikiwa na kipande kilekile mara mbili. Sikukosea hata mmoja. Wakanivua aproni ya usafi, wakanivika koti jeupe. Nilipewa pia kazi ya kuandaa mitungi: kukata vipande, kuvifunga, kuviweka kwenye oveni. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, halafu miezi sita mingine.

Pua hiyo sikuipata kwa bahati. Niliipata kwa mama yangu. Mama aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko la Uvira kabla vita havijatutawanya, na hakuna mchuuzi aliyethubutu kumletea gunia la juzi akamwambia ni la jana. Alikuwa anatia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anachota samaki wa chini kabisa, anawanusa kwenye kiganja, anasema, "Hawa balinyeshewa." Na kweli walikuwa wamenyeshewa. Mimi mtoto wake nikasimama karibu naye miaka yote hiyo, nami nikanusa.

Alinifuata Sweden baada ya miaka mingi ya kambi huko Burundi. Nilimpokea uwanja wa ndege akiwa na sanduku moja tu, na ndani ya sanduku nguo zilikuwa chache. Sehemu kubwa ilikuwa ndagala wakavu, wamefungwa mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko, na chupa mbili za mawese zilizozungushiwa kitenge. Nilimuuliza amepitaje forodhani. Akasema, "Banikute nani? Mimi niko mama muzee." Juma lile nyumba yetu ya Spånga ilinuka Uvira yote. Nilikula mpaka nikalia, na siyo aibu kusema.

Miezi mitatu baadaye nikapewa ile kazi ya pua, pamoja na karatasi ya masharti. Mnusaji asipake manukato wala losheni yenye harufu. Asile pilipili, kitunguu saumu, wala chakula chenye harufu kali siku moja kabla ya zoezi. Nguo zake zisikae jikoni. Zoezi lilikuwa mara tatu au nne kwa wiki, kwa hiyo "siku moja kabla" ikawa ni kila siku.

Ningeweza kukataa. Lakini nyumba tuliyokaa haikuwa yangu. Niliikodi kwa mtu aliyeikodi, na yeye alikuwa anakaribia kurudi. Ili nipate nyumba yenye jina langu mlangoni ilibidi niwe na ajira ya kudumu, siyo mikataba ya miezi sita. Mkuu aliniambia, akitabasamu kiasi cha wastani, kwamba mnusaji mwenye matokeo safi kwa mwaka mmoja na nusu angefikiriwa kupewa ajira hiyo. Nikasema sawa. Nilimtafutia mama paa, na sikuuliza chini ya paa hilo atakula nini.

Ndagala nikawashusha chini. Majengo ya huku yana stoo chini ya ardhi, kila nyumba na kizimba chake cha waya na kufuli, ambamo watu huweka skii na miti ya Krismasi ya plastiki. Mimi nikaweka samaki wa mama yangu na mawese yake. Nikamnunulia mama viazi, makaroni, kuku mweupe asiye na ngozi na mchuzi wa kopo. Chumvi nilimruhusu. Sabuni ya kufulia ikawa ile isiyo na harufu, ya kuogea vilevile. Ile dawa yake ya kuchua magoti, inayonuka kafuri, nikaitupa, nikamletea vidonge.

"Mama," aliniambia, maana kwetu mzazi humwita binti yake mama, "hii kazi inataka ujue kunusa ao isikuache unuse?"

Nikamwambia asinisumbue.

"Ile pua ni miye nilikupatia. Sasa unaninyima chakula nayo."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kama angetaka kula ndagala angebaki kambini, walikojaa tele. Nilisema hivyo kwa mama yangu mzazi, mchana, nikiwa sijalewa wala sina homa. Mama akachukua uma, akavunja kiazi vipande vidogo vidogo, akavipanga upande mmoja wa sahani. Hakula.

Akaanza kukonda. Sketi alizokuja nazo zikawa zinamzunguka. Alikuwa mtu wa kupika, mtu ambaye wageni humsifu kwa sufuria lake, na sasa alishinda kwenye kiti cha dirishani akitazama treni za Spånga zikiingia na kutoka. Rafiki yangu Mkenya, anayekaa Farsta na kutunza wazee kwenye nyumba zao, ndiye aliyenikabili, baada ya ibada, mbele ya watu wakinywa chai.

"Mamako anaisha hivi, na wewe unaona tu?" akaniuliza. "Mimi nikimpata mzee wa mtu amekonda hivyo lazima niandike ripoti. Wewe ni nani atakuandikia?"

Nilimwambia aangalie sufuria zake mwenyewe. Akasema zake zinanuka vitunguu na watoto wake wamenona. Tulikaa miezi miwili bila kusalimiana. Alikuwa na haki na nilimchukia kwa hiyo haki yake.

Siku moja nilirudi mapema nikakuta nyumba tupu. Viatu vya mama vya nje vilikuwa mlangoni, ila ndala zake hazikuwepo. Nilizunguka ghorofa zote, nikaenda chumba cha kufulia, mwishowe nikashuka stoo. Taa za huko hujizima zenyewe baada ya muda, kwa hiyo alikuwa amekaa gizani. Nilipobonyeza taa nikamwona ndani ya kizimba, juu ya ndoo iliyogeuzwa, mfuko umefunguliwa mapajani, anatafuna samaki wakavu vilevile bila kupikwa. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mfuko mpaka kwenye kiwiko.

Aliniangalia kama mtu aliyefumaniwa. Nami badala ya kukaa chini nikamfokea. Nilimpandisha juu, nikamvua nguo zote bafuni, nikamwosha mikono kwa limau, nikazifunga nguo kwenye plastiki. Zamu yangu ya chumba cha kufulia ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo nikaziweka roshani. Mama alisimama amejifunga taulo akisema, "Nisamehe, nisamehe, sitarudia." Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Kesho yake nikaandika namba zangu za mitungi tisa, na zote zilikuwa sahihi.

Basi nilikuwa nimelipa. Namaanisha kwamba nilipofika maabara niliamini nimeacha kitu kikubwa nyumbani, na kwamba kazi hiyo ilistahili. Mpaka likaja zulia.

Lilikuwa zulia la sakafuni, la kijivu, linalobandikwa kwa gundi ambayo mshirika wa kule aliipata kwa kiwanda cha jirani. Lilinuka vibaya. Siyo ule unuko wa kuudhi tu, bali wa kukwaruza, unaokaa nyuma ya koo. Wote sita tukaandika nne na nusu, tano. Mkuu akazitazama karatasi, akaniita pembeni, tabasamu limepanuka.

"Zulia hili limesafiri mbali," akasema. "Liache lipumzike kwanza."

Kupumzika maana yake niliweke kwenye kabati la kupuliza hewa, karibu na dirisha, siku saba, halafu ndipo nilifunge kwenye mtungi. Nikafanya. Gundi ikapumua hewani wiki nzima, na juma lililofuata wote tukaandika mbili na nusu, kwa haki, maana hicho ndicho kilichokuwa mtungini. Wenzangu hawakujua. Mimi nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyekata na kufunga. Cheti kikaenda Uchina chenye sahihi ya mkuu. Kuanzia hapo kila kipande kibaya "kilipumzika". Miezi minane nilikaa kimya. Nilijiambia kwamba mimi siye mhandisi, na kwamba muda wangu wa kufikiriwa ajira unakaribia. Waliofungiwa ndani ya magari hayo na watoto wao hawakuwa jamaa zangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na sipendezwi na mtu yule niliyekuwa.

Lakini kampuni ya ubia nayo ilikuwa na wanusaji wake. Magari yalipotoka kiwandani wakayanusa, wakapata tano, wakati karatasi yetu ilisema mbili na nusu. Wakamtuma mtu.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa rika langu, amevaa viatu vya michezo na koti lisilo na mapambo. Alikuwa mnusaji mkuu wao. Alikataa kahawa. Alikataa kushikana mikono na mkuu, akaeleza kwa Kiingereza kifupi kwamba amesikia krimu ya mikono. Alikuwa na sanduku la chuma, na ndani yake kipande cha zulia lilelile, kimekatwa kwenye gari lililotoka kiwandani, kimefungwa kwa foili tabaka tatu. Akasimama nyuma yangu nikikikata. Akasimama nyuma yangu nikikiweka kwenye oveni. Hakusema neno wala hakutabasamu, na nilimpenda kwa hilo.

Tukanusa watu saba. Nikaandika tano. Wenzangu wakaandika tano, isipokuwa mmoja aliyeandika sita na kwenda kunywa maji. Mgeni akakusanya karatasi mwenyewe.

Tukaitwa chumba cha mikutano. Mezani palikuwa na maandazi ya mdalasini ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa; mkuu aliyaagiza kwa mazoea. Mgeni akaweka karatasi mbili kando kwa kando, ile ya zamani na ya leo, akauliza swali moja tu: kwa nini?

Mkuu akapanua tabasamu. Alizungumza polepole, kwa sauti ile wanayotumia wanapotaka kuonekana wana huruma. Alisema ni lazima tufikirie uwezekano wa uchafuzi. Mitungi yote ilikuwa ikiandaliwa na mtu mmoja. Mtu huyo ni mfanyakazi mzuri sana, na hapa hakuna anayelaumiwa. Lakini kuna nyumba ambamo hupikwa vyakula vya harufu kali, samaki na mafuta na viungo, ni jambo la utamaduni, na harufu ile hukaa kwenye nguo na mikono, huingia kwenye mitungi, na inaweza kuvuruga namba zikapanda au zikashuka.

Wenzangu watano wakatazama meza. Nilikuwa nimenusa nao mwaka mmoja na zaidi, vichwa vyetu juu ya mtungi mmoja. Yule mama wa oveni, aliyeona plagi imeyeyuka, alianza kukunja karatasi ya kufutia mikono.  Nilimwona mama yangu kwenye ndoo, gizani, mkono ndani ya mfuko.

Mgeni akainuka. Akazunguka meza, akaja nilipokaa, akasema, "Samahani." Nikadhani ananipa pole. Kumbe anaomba ruhusa. Akainama, akanusa ukosi wa koti langu. Akanusa nywele zangu, nyuma ya sikio. Akashika mkono wangu, akafungua kiganja, akanusa katikati yake, sawasawa na vile mama alivyonusa samaki. Kisha akasimama wima.

"Hakuna," akasema. "Hata sabuni hakuna." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Sijakutana na mtu asiyenuka chochote."

Alitaka kunitetea, na alinitetea. Lakini nilisikia maneno yale yakinichoma kuliko ya mkuu. Mtu asiyenuka chochote. Mkuu alinisingizia samaki ambao mama yangu hakuwa ameruhusiwa kuwala.

Nikasema yote. Nilisema kwa Kiswidi, nikarudia kwa Kiingereza changu cha kuunga, ili mgeni asipitwe na neno: kabati la hewa, dirisha, siku saba, vipande vingapi na vya lini. Sikuwa jasiri. Kama mkuu angesema nimekosea kukata, au nimechanganya lebo, ningenyamaza kama nilivyonyamaza miezi minane. Nilisema kwa sababu aligusa sufuria la mama.

Tabasamu la mkuu likatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake bila hilo, na ulikuwa uso wa kawaida tu, wa mtu aliyechoka. Hakufukuzwa. Likaandikwa kuwa ni kasoro ya utaratibu, na utaratibu ukarekebishwa. Mgeni akarudi kwao na zulia lake, na nasikia gundi ilibadilishwa. Mimi niliambiwa wiki ileile kwamba mkataba wangu ukiisha mwezi Machi hautaongezwa, kwani mradi wa Uchina unaingia hatua nyingine. Aliyenipa barua alikuwa msichana wa ofisi. Mkuu hakuja.

Siku ya mwisho nilitoka saa saba mchana. Nikapanda treni Sundbyberg, kituo kimoja tu, nikashuka Spånga. Theluji ilikuwa imeanza kuwa matope. Sikupanda juu kwanza. Nilishuka stoo, nikafungua kufuli, nikachukua mfuko wa ndagala na chupa ya mwisho ya mawese. Mama alikuwa amelala chumbani. Nikafunga mlango wa jikoni, nikabandika sufuria. Sikupika kidogo. Nilikaanga vitunguu viwili vizima, nikatia mawese mpaka yakabadilika rangi, nikatia nyanya, pilipili, nikamwaga samaki. Nilitaka jengo zima lisikie. Nilitaka jirani wa juu aje kugonga, nimpe jibu lake.

Aliyekuja ni mama. Alifungua mlango wa jikoni, akasimama, pua ikacheza mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wake ukifurahi. Nilikuwa nimejiwekea furaha ile tangu asubuhi, kwenye treni, kama malipo yangu.

Badala yake akashika kichwa. "Mama! Unafanya nini? Mavazi! Mavazi yako ya kazi!" Akakimbia, yeye mwenye magoti mabovu, mpaka kwenye korido nilikotundika koti langu. Akalitungua kwenye ndoano, akaokota na skafu na kofia, akavikumbatia kifuani, akafungua mlango wa roshani na kutoka nje na ndala zake. Alikuwa amezoea hivyo. Nilimfundisha mwenyewe.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa roshani, mgongo ukiuelekea mlango, ameficha koti langu ndani ya kanga yake lisiguswe na harufu.

"Mama, kazi imekwisha," nikamwambia. "Wamenitoa. Rudi ndani ule."

 Chini treni ikapita. Hakuniuliza kwa nini, wala hakulaani mtu. Ile hasira yote ilikuwa yangu peke yangu.

"Niletee hapa inje," akasema. "Nitakulia hapa. Haitaingia mu mavazi."

"Mama, hakuna kazi tena. Hakuna masharti."

"Nimesikia." Akalivuta koti langu vizuri chini ya kanga. "Utapata ingine. Na kule pia batakunusa."

Nikamletea sahani. Akala amesimama, kwa mkono mmoja, harakaharaka, na ule mwingine haukuliachia koti.